Namna Tulivyochagua Kadi ya Michoro

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi waliposikia ya kuwa Chama cha Jiografia cha shule yetu kimenunua kadi ya michoro, walidhani tumenunua kitu cha kuchezea michezo ya vita na ya mpira katika kompyuta. Baadhi ya walimu walitutazama kwa mashaka, na mzazi mmoja aliuliza kama fedha za maharage yetu hazikupata kazi nyingine. Sikuona ajabu, maana kadi za namna hii hutangazwa zaidi kwa ajili ya michezo. Basi naona yafaa nieleze katika kurasa hizi tulitaka nini, tulichagua kwa njia gani, na kwa nini hatukuichukua ile iliyokuwa na mbio zaidi. Huenda maelezo haya yakawafaa wenzetu wa shule nyingine, na hasa wadogo zetu watakaobaki na mashine hii sisi tutakapokuwa tumekwisha kufanya mtihani wa Novemba na kuondoka.

Kwanza nieleze haja yenyewe. Shule yetu ipo karibu na Himo, mahali ambapo barabara itokayo Moshi hugawanyika, moja ikaenda Holili na Taveta, nyingine ikateremka kwenda Same, Tanga na Dar es Salaam. Asubuhi kabla mawingu hayajafunga twauona mlima wote, tangu mashamba ya migomba hadi kileleni. Wazee wetu wakituona tunautazama hutuambia ya kuwa zamani weupe ule ulishuka chini zaidi na ulikuwa mpana zaidi. Sisi tuliozaliwa juzi hatuna la kujibu, kwani hatukuuona. Mwalimu wetu wa Jiografia ndiye aliyetuambia ya kuwa mlima huu umepimwa mara nyingi, na vipimo vingi vimetolewa bure kwa kila mtu. Akasema kama twataka kujua, tuvichukue tuuchore mlima sisi wenyewe katika kompyuta, tuuzungushe na kuutazama kila upande.

Vipimo tulivyovitumia vilipatikana mwezi Februari mwaka 2000, wakati chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa nchi kwa rada. Mwaka 2014 vipimo vya Afrika vyenye nafasi ya kiasi cha mita 30 kati ya nukta na nukta vilitolewa kwa watu wote. Vimekatwa vipande vipande, na kila kipande kina upana wa digrii moja na urefu wa digrii moja. Kwa bahati njema, Kibo, Mawenzi, Shira, mji wa Moshi, Himo, ziwa Chala na bwawa la Nyumba ya Mungu vyote vimo katika kipande kimoja, nacho huitwa S04E037. Upande wa kaskazini tu, kule Rongai, ndiko mlima unakokatwa na mpaka wa kipande. Kipande hiki kina mistari 3,601 ya nukta, na kila mstari una nukta 3,601. Ukizidisha utapata nukta 12,967,201, na kila nukta ni urefu wa mahali fulani kutoka usawa wa bahari.

Juu ya nukta hizo tulitaka kutandaza mipaka ya barafu ya miaka mbalimbali. Ramani ya zamani iliyo nzuri ilitengenezwa na Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliofika huku mwaka 1912. Wakati huo barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa kati ya kilomita za mraba 11 na 12. Wataalamu walipopima tena kwa picha za mwaka 2011 walikuta kilomita za mraba 1.76 tu. Hesabu hii nyepesi ilinishtua kuliko maneno yote niliyopata kusikia. Ikiwa kila nukta yetu inashika mraba wa mita 30 kwa mita 30, basi barafu ya mwaka 1912 ilishika zaidi ya nukta 12,000, na ile ya mwaka 2011 nukta kama 1,956. Katika karibu milioni 13!

Hapo ndipo swali la kadi lilipoanzia. Kompyuta ya chama ni ya ofisi, tuliyopewa baada ya wenyewe kuitumia miaka mingi. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na michoro yake yote hufanywa na sehemu ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Tulipojaribu kuufungua mlima mzima, picha ilijivuta kama ng'ombe aliyechoka. Ukiigeuza wangoja, na ukiwa umekwisha kusahau ulitaka kuona nini ndipo inageuka. Mwenzetu mmoja akashauri tupunguze nukta, tuchukue moja katika kila tatu, kila upande. Ushauri wake ulikuwa mzuri, na picha ikageuka kwa wepesi. Lakini kwa kufanya hivyo kila nukta ilishika mraba wa mita 90, na ile barafu ya mwaka 2011 ikabaki na nukta 217 tu. Vipande vyake vyembamba vikawa kama makombo ya mkate mezani, na vingine vikapotea kabisa. Tulikuwa tumeifuta barafu kwa mikono yetu kabla jua halijaifuta!

Mwingine akasema tukikate Kibo peke yake, tuache nchi nyingine. Hili nalo lingewezekana bila kununua kitu. Walakini chama kilikataa, kwa sababu tulitaka mzazi akisimama mbele ya kioo aanzie mahali anapopajua, sokoni Himo, kisha apande kwa macho kupita Marangu, na msituni, na jangwani, hadi barafuni. Toka Himo hadi kilele cha Uhuru ni kiasi cha kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, nasi tulitaka zote zionekane kwa pamoja.

Sasa nieleze kadi ya michoro hufanya nini. Prosesa ya kompyuta ni kama mafundi wanne hodari, ambao waweza kuwapa kazi yoyote iliyo ngumu nao wakaimaliza. Kadi ya michoro ni kama watu mia tano shambani siku ya kuchuma kahawa. Hakuna hata mmoja aliye fundi mkubwa, lakini kila mmoja ana mti wake, na kabla ya adhuhuri shamba limekwisha. Kuchora mlima ni kazi ya namna hiyo. Kompyuta huunganisha nukta tatu tatu kuwa pembetatu ndogo, na kila pembetatu lazima ijulikane ipo wapi, inaelekea wapi na inapata mwanga kiasi gani. Kipande chetu kina pembetatu 25,920,000. Pembetatu moja haingoji nyingine, kwa hiyo wachumaji wengi ni bora kuliko mafundi wachache.

Mfumo tunaoutumia ni Debian, ambao umejengwa juu ya Linux, kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds. Programu ya kuuchora mlima ni ParaView, ambayo kazi yake ilianza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa kampuni ya Kitware na maabara ya Los Alamos huko Marekani. Zote mbili ni programu huria, yaani kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzisoma maandishi yake ya ndani na kuzirekebisha. Kwa shule kama yetu jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akitaka kwenda nazo nyumbani katika flashi, twampa, wala hatuvunji sheria ya mtu.

Basi tulikaa darasani Jumamosi mbili tukaandika ubaoni mambo matatu ya kutazama. Jambo la kwanza ni ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, maana kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, na picha ikizidi hapo mambo huharibika. Tulihesabu hivi. Kila nukta huhitaji namba tatu za mahali ilipo na namba tatu za upande inaoelekea, na kila namba ni baiti 4. Hizo ni baiti 24 kwa nukta moja, na kwa nukta zote ni megabaiti 311. Kila pembetatu nayo huhitaji namba tatu za kuonyesha nukta zake, yaani baiti 12, na kwa pembetatu zote ni megabaiti 311 nyingine. Jumla ni megabaiti 622. Picha ya rangi kutoka setilaiti ya Landsat, ambayo hutandazwa juu ya mlima kama kitambaa, ni megabaiti 52 hivi. Picha za miaka sita ni 312. Kwa hiyo kazi yetu yote haifiki gigabaiti 1. Hata tukikubali ya kuwa programu hujiwekea nakala zake za ziada, gigabaiti 2 zatosha, na 4 ni nafasi ya kupumulia. Kabla ya hesabu hii, wengi wetu tulikuwa tukiapa ya kuwa bila gigabaiti 8 hakuna linalowezekana.

Jambo la pili ni umeme. Pawasaplai ya kompyuta yetu, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ni ya wati 240, wala haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi isiyo na waya wake hupata umeme kwenye sloti inapochomekwa, na sloti hiyo hutoa wati 75 tu. Kwa sababu hiyo kadi ya AMD iitwayo RX 580 ya gigabaiti 8, ambayo kijana mmoja aliisifu sana, ilifutwa ubaoni mara moja. Hiyo hula kiasi cha wati 185. Kadi mpya mbili za mwaka 2022 nazo tulizijadili. Arc A380 ya Intel ina gigabaiti 6 na hula wati 75, lakini hutaka ubao mkuu wa kisasa wenye njia mpya ya kuifikia kumbukumbu ya kadi, na wetu ni wa zamani. RX 6400 ya AMD hula wati 53 tu, lakini ina njia nne za kupitishia habari, na katika sloti ya zamani kila njia huenda kwa nusu ya mwendo wake. Zilibaki mbili zilizokwisha kutumika, na bei ya kila moja haikuzidi shilingi 250,000 tulizokuwa nazo. Moja ilikuwa GTX 1050 Ti ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2016, yenye gigabaiti 4 na wati 75. Nyingine ilikuwa RX 550 ya AMD, iliyotoka mwaka 2017, yenye gigabaiti 4 na wati 50.

Kwa nguvu tu, ya NVIDIA ilishinda. Ina wachumaji 768, na ya AMD ina 512. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko mimi, aliitetea kwa maneno mazito. Alisema ya kuwa programu nyingi za kukokotoa za sayansi zimeandikwa kwa njia ya CUDA, ambayo ni ya NVIDIA peke yake, na kwamba mtu akijifunza leo kwa kadi hiyo atakuwa amejitayarishia Chuo Kikuu. Maneno hayo ni kweli, na mtu ambaye kazi yake ni kukokotoa kwa CUDA asisite kuichukua. Lakini kazi yetu ilikuwa kuchora, na ParaView huchora kwa lugha ya OpenGL ambayo kadi zote mbili zaijua.

Jambo la tatu ndilo lililoamua, nalo ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo na kadi, kama mkalimani kati ya watu wawili wasiosikilizana lugha. Bila mkalimani mzuri, kadi hodari hukaa kimya. Draiva ya AMD kwa kadi kama RX 550 huitwa amdgpu, nayo imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe tangu mwaka 2015. Sehemu ya juu yake, inayotafsiri OpenGL, huitwa Mesa, kazi iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Zote mbili ni huria. Ni kweli ya kuwa yapo maagizo madogo ya ndani ya kadi ambayo kampuni huyatoa bila kuonyesha yalivyoandikwa, kwa hiyo nisiseme kila kitu ni wazi. Hata hivyo, tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Debian huyaweka maagizo hayo katika flashi ileile ya kusimika mfumo. Unachomeka kadi, unawasha, basi.

Kwa NVIDIA mambo ni mengine. Ipo draiva ya kampuni, nayo ni nzuri na ina mbio, lakini kwa kadi hii imefungwa. Haikai ndani ya kiini, bali hujengwa upya kila kiini kinapobadilishwa. Mwaka 2022 NVIDIA ilitoa sehemu ya draiva yake kuwa huria, jambo la kusifiwa, lakini kwa kadi zilizotoka tangu mwaka 2018 tu, na 1050 Ti imeachwa nje. Ipo pia draiva huria iitwayo nouveau, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Walakini kadi za kizazi hiki hukubali kuongeza mwendo wake kwa maagizo yenye sahihi ya kampuni tu. Matokeo yake ni kwamba chini ya nouveau kadi hubaki katika mwendo iliowashwa nao, kama gari lililofungwa gia ya kwanza. Tena kampuni ikiamua kuacha kuitunza kadi ya zamani, mwenye kadi hana la kufanya. Kadi nyingi za kizazi cha Kepler, kwa mfano, ziliachwa katika toleo la 470 la draiva.

Wasomaji wanaokaa mijini watauliza ubaya uko wapi, si mtu ashushe draiva nyingine katika intaneti? Katika chumba chetu cha kompyuta intaneti huja na kupotea, na siku nyingine haiji kabisa. Umeme nao hukatika katikati ya kazi. Siku mfumo ukiharibika twausimika upya kwa flashi iliyomo kabatini. Tukiwa na kadi ambayo mkalimani wake yumo katika flashi hiyo, mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aweza kuirudisha mashine kazini kwa kipindi kimoja. Tukiwa na kadi ambayo mkalimani wake hukaa mbali, itabidi angoje. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami nilijiuliza nani atakuwapo Januari. Mimi sitakuwapo. Yule kijana hodari wa hesabu atakuwapo mwaka mmoja tu, kisha naye ataondoka.

Hata hivyo hatukutaka kuamua kwa maneno matupu. Mwalimu wetu wa Fizikia alikwenda Moshi siku ya Jumamosi na wanafunzi wawili, nami nilikuwa mmoja wao. Tulibeba flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na Debian inayowaka yenyewe bila kusimikwa, na ya pili ilikuwa na ParaView pamoja na kipande cha mlima. Mwalimu alimwomba muuzaji atuachie tujaribu kadi zote mbili katika kompyuta yake. Muuzaji alikuwa mtu wa heshima, akakubali, ingawa alitushangaa.

"Mwalimu," alisema, "vijana wote huitaka hii ya NVIDIA. Hiyo nyingine yakaa miezi mingi hapa bila kuulizwa."

Tulianza na ile ya NVIDIA. Mlima ulionekana, lakini uligeuka kwa shida, karibu sawa na katika mashine yetu ya shule. Muuzaji akasema tukiiweka draiva ya kampuni itaruka. Hakusema uongo, na Mwalimu alimkubalia. Kisha tukaichomeka ya AMD, tukawasha kwa flashi ileile bila kuongeza kitu chochote. Mlima ukageuka tulivyotaka, na tukaweza kuufuata ukingo wa barafu ya Kibo kwa kidole juu ya kioo. Tulipiga pia amri ya lspci ili tuone kama jina la kadi ni lile lililoandikwa juu ya boksi, na tukatazama ukubwa wa kumbukumbu ulioonyeshwa na mfumo. Katika kadi zilizokwisha kutumika zimo za uongo, ambazo maandishi yake ya ndani yamebadilishwa ili kadi hafifu ijiite kwa jina la kadi kubwa. Yetu ilikuwa ya kweli. Tukalipa, tukapanda gari kurudi Himo, na chenji iliyobaki ikanunua waya mpya wa projekta.

Siku ya Wazazi tuliuonyesha mlima katika bwalo. Tulianzia Himo, mahali palipo chini ya mita 1,000, tukapanda polepole. Tulipofika juu tuliweka mpaka wa barafu wa mwaka 1912 kwa rangi ya samawati, kisha ule wa mwaka 2011 kwa rangi nyekundu ndani yake. Watu walinyamaza. Tulieleza ya kuwa mwaka 2002 wataalamu walikuwa wametabiri barafu itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020, na kwamba miaka hiyo imepita na barafu kidogo ingalipo. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilisema ya kuwa huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Tulieleza pia ya kuwa watafiti wengi wameona maji ya mito yetu hutokana zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu. Kwa hiyo mtu anayeogopa kukosa maji auangalie msitu kwanza.

Baada ya hapo bibi mmoja kutoka upande wa Marangu alisimama, akasogea karibu na ukuta.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "nimeiona theluji. Sasa nionyeshe mfongo wetu unapita wapi."

"Shikamoo, Bibi," nilimjibu. "Mfongo hauonekani hapa."

"Marahaba. Mbona mlima mzima unaonekana?"

Ilinibidi nimweleze mbele ya watu wote. Kila nukta ya picha yetu ni mita 30, na mfongo ni mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo rada ya mwaka 2000 iliuruka. Hakuna kadi duniani, hata ile ya bei kubwa kuliko zote, iwezayo kuonyesha kitu ambacho hakikupimwa. Bibi alifikiri kidogo, akasema basi tuje tuupime. Mwalimu wa Jiografia aliandika maneno hayo katika daftari, na kidato cha pili wamekwisha kuomba ruhusa ya kwenda Marangu wakati wa likizo.

Naona sasa nitoe mashauri machache kwa shule yoyote inayofikiri kununua kitu kama hiki. Kwanza, jueni kazi yenu kabla ya kuuliza bei, nanyi mhesabu kwa kalamu kumbukumbu itakayohitajika. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na tangazo la duka halikuandikwa kwa ajili ya mlima wenu. Pili, fungueni kasha la kompyuta msome wati za pawasaplai, mpime kwa rula kama kadi itaenea. Tatu, ulizeni draiva inakaa wapi, na kama atakayeirekebisha mwaka ujao ataweza kuipata. Nne, nendeni na flashi yenu dukani, mjaribu kwa mfumo wenu na kwa kazi yenu yenyewe. Na tano, kama hesabu yaonyesha ya kuwa mashine mliyo nayo inatosha, zirudisheni fedha benki.

Kwa wadogo zangu wa chama nina neno moja zaidi. Daftari la hesabu zetu limo katika kabati la chumba cha kompyuta, pamoja na flashi zote mbili. Najua mwakani mtataka kutandaza picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo nukta yake ni mita 10, nazo hutolewa bure tangu mwaka 2015. Ni wazo jema. Lakini kumbukeni ya kuwa mahali palipokuwa na nukta moja patakuwa na tisa, kwa hiyo picha ya mwaka mmoja tu itashika megabaiti 467 hivi badala ya 52. Ongezeni na megabaiti 622 za mlima wenyewe. Picha saba zitaingia kwa kubanana, na ya nane haitaingia. Basi kabla ya kumwendea Mkuu wa Shule kuomba kadi nyingine, amueni kwanza ni miaka ipi saba mnayotaka kuiona.